Mezani kuna serikali, waajiri na COTU. Upinzani unaketi wapi?

#1 MiwaChungu (Muhoroni)
Salamu wazee. Juzi mvua ilinifungia soko la Kibuye, Kisumu, nikajikinga kwa fundi viatu mmoja upande wa mitumba. Redio yake inasema serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wataketi kuzungumzia mishahara. Fundi hakuinua kichwa. Uzi bado ameubana kwa meno, akauliza, "Na upinzani?" Watu wote tuliobanana pale wakaangua kicheko. Mimi nilirudi Muhoroni na hilo swali.

Nchi hii ina meza mbili. Moja ni ya kazi: Wizara ya Kazi, FKE (shirikisho la waajiri) na COTU (shirikisho la vyama vya wafanyakazi). Hapo chama cha siasa hakina kiti. Nyingine ni ya waheshimiwa, kama ile ya serikali na upinzani pale Bomas 2023, Kalonzo wa upinzani na Ichung'wah wa serikali wakiwa wenyekiti wenza, watu watano kila upande. Walisema watajadili gharama ya maisha, lakini mtu wa kulipwa kwa siku hakuwa na kiti pale. Ripoti ilipotoka Novemba, hapo kwenye gharama ya maisha ndipo waliposhindwa kuelewana. Afisi ya kiongozi wa upinzani ndiyo waliyokubaliana iundwe.

Dai langu: hizi meza zimefungiana mlango kwa makusudi. Upinzani ukiketi na waajiri na wafanyakazi utaulizwa nyongeza itoke wapi. Ukibaki nje unapiga kelele bila kuulizwa chochote. Nimekosea wapi?

#2 WakiliWaKibarazani (Milimani, Kisumu)
Umekosea hapo kwa "makusudi". Mazungumzo ya aina hii yana pande tatu kwa sababu ndivyo yalivyoasisiwa. Kenya iliridhia Mkataba nambari 144 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1990, nao unataja serikali, waajiri na wafanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007 ikafuata mkondo huo: Bodi ya Taifa ya Kazi, kisha mabaraza ya mishahara, moja la jumla na moja la kilimo. Wanaoketi huko wanawakilisha watu wenye mkataba wa kazi kati yao. Chama cha siasa hakijaajiri mtu wala hakijaajiriwa. Kiti cha upinzani kiko bungeni, na kiongozi wa wachache ametajwa kwenye Kifungu cha 108 cha Katiba. Wakitaka kusema juu ya mshahara, waseme huko.

#3 FundiBomba (Nakuru)
Chama cha siasa hakijaajiri mtu? Wakili, wewe hujawahi kuona vijana wanaolipwa kuimba kwenye magari wakati wa kampeni. Hao nao hawana CBA (mkataba wa pamoja wa kazi), maskini.

#4 MpwaWaRusinga
😂😂 Fundi ameua.

Ila wakili anasahau tulikotoka. Hati ya kwanza ya uhusiano viwandani, ya hao hao watatu, ilitiwa saini 1963, Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi. Mtu wa kwetu Rusinga huyo. Alitoka chama cha wafanyakazi, alikuwa mwanasiasa, akakalia kiti cha serikali. Mtu mmoja, viti vitatu. Sasa mnatuambia siasa na kazi ni maji na mafuta?

#5 KaraniMstaafu (Nakuru, Section 58)
Mpwa, ni Oktoba 1962, si 1963. Na ukiuweka mwaka huo sawasawa, hadithi inabadilika. Kuanzia Aprili 1962 vyama vya KANU na KADU vilikuwa ndani ya serikali moja ya mseto. Ngala na Muliro wa KADU ndani, Kenyatta wa KANU ndani. Kwa hiyo hati hiyo ilitiwa saini siku ambazo upinzani haukuwako kabisa. Hakuna aliyemfungia nje mtu yeyote, wote walikuwa sebuleni.

Utamu uko 1964. Mapema mwaka huo serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana: waajiri wa binafsi waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama vikae mwaka mzima bila mgomo wala kudai nyongeza. Wakati huo KADU ndiyo upinzani bungeni. Watia saini ni wale wale watatu. Novemba ya mwaka huo huo KADU ikajivunja na kuingia KANU.

Mwaka 1970 jambo hilo lilirudiwa, asilimia 10 kwa wote. Hiyo nimeiona kwa macho. Nilikuwa kijana, nikapanga foleni hapa Nakuru kujiandikisha. Foleni ilizunguka jengo mara mbili. Mtu aliyekuwa mbele yangu alitoka Bahati kwa miguu na viatu vyake akavibeba mkononi visichakae, akavivaa alipofika mlangoni. Yeye alipata. Mimi nilingoja miezi minne.

#6 MpwaWaRusinga
Asante mzee, nimerekebishwa. Lakini Rusinga bado ni Rusinga.

#7 MamaOmena (Kibuye)
Mnaongea vizuri sana. Mimi nauza omena, mwaka wa kumi na sita huu. Sina mwajiri, sina chama, sina mbunge anayejua jina langu. Hao watatu mezani wananijadili kwa jina gani? Asilimia zaidi ya 80 ya wanaofanya kazi nchi hii ni sisi wa jua kali. Huyo Atwoli wa COTU ni wa wenye pesilipu. Huyo wa FKE ni wa wenye kampuni. Serikali ni ya askari wa kaunti anayenimwagia beseni.

Kama upinzani ungekuja na kusema, "sisi tunaketi kwa niaba ya wasio na chama," ningewapigia makofi. Lakini hawaji. Wanakuja na fulana.

#8 FundiBomba
Fulana nyembamba mama, ukifua mara mbili mgombea anapotea, inabaki kitambaa.

#9 MauaNaivasha
Naomba niongeze kisa changu, mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi kwenye shamba moja la maua, halitajwi. Sisi tuna mkataba wa pamoja, huwa unajadiliwa na chama chetu na umoja wa waajiri wa kilimo. Mara ya mwisho mazungumzo yalikwama kwenye mambo mawili: nyongeza, na glavu. Naam, glavu. Anayechuma waridi anapewa jozi, miiba inatoboa kidole gumba na cha shahada ndani ya wiki mbili, na jozi nyingine hutolewa baada ya muda mrefu. Wasichana wangu walikuwa wanavishonea vidole vipande vya tairi la ndani la baiskeli. Nilibeba glavu moja ya namna hiyo nikaiweka mezani, mwajiri akaiangalia akanyamaza. Tulikuwa tunafika.

Saa sita akaingia mheshimiwa mmoja wa upinzani, hakualikwa na upande wowote. Kamera mbili nyuma yake. Akasema nusu saa kuhusu ubeberu. Mwajiri akafunga faili, akasema hawezi kujadili mbele ya siasa. Tulirudi mezani baada ya wiki tano. Glavu zilipatikana mwishoni, nyongeza ilikuwa chini ya ile iliyokuwa karibu kukubaliwa asubuhi ile.

Kwa hiyo MiwaChungu, ukisema waletwe mezani, mimi nashika kichwa.

#10 MiwaChungu
Dada pole. Lakini huyo alivamia. Mimi naongelea kiti chenye sheria zake: unaalikwa, unasoma makabrasha, unatia saini, na ukitoka nje huwezi kuruka uliyotia saini. Mgeni wa harusi si sawa na mwizi wa sahani.

#11 AliyerudiDublin (Kakamega)
Mulembe nyote. Nilifanya kazi ya kuhudumia wazee Ireland miaka tisa, na huko jambo hili lina historia ndefu, nilisoma kidogo kwa kuwa mzee niliyemhudumia alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi wa posta na hakunyamaza.

Mwaka 1987 uchumi wao ulikuwa umeinama. Serikali ya Waziri Mkuu Haughey ilikuwa na wabunge wachache kuliko nusu. Wakaketi serikali, vyama vya wafanyakazi, waajiri na wakulima, wakapatana Oktoba: nyongeza ndogo ya mshahara, na serikali ipunguze kodi. Upinzani haukuwa mezani. Ila mwezi mmoja kabla, kiongozi wa upinzani, Alan Dukes wa Fine Gael, alitoa hotuba mahali panaitwa Tallaght akasema chama chake hakitaiangusha serikali kwa hatua za uchumi zinazofaa. Hiyo ndiyo iliyowapa wale wa mezani pumzi. Kwa hiyo upinzani ulichangia kwa kukaa mbali na meza na kutoipiga teke.

Mapatano hayo yalifuatana saba hadi 2006, kisha yakavunjika 2009 uchumi ulipoporomoka. Na hata Fine Gael walipoingia serikalini miaka ya tisini waliyaendeleza.

#12 MfupaWaSamaki (Dunga)
Na huyo Dukes alipata nini kwa wema wake?

#13 AliyerudiDublin
Alipoteza uongozi wa chama 1990. 😅 Ingawa sababu haikuwa hiyo peke yake, mgombea wao wa urais alikuwa ameanguka vibaya.

#14 MfupaWaSamaki
Basi umejijibu. Hakuna mwanasiasa wa kwetu atakayesoma kisa hicho akasema "nami nifanye hivyo".

#15 MwalimuLurambi
Habari. Aliyerudi Dublin hajasema jambo moja. Wananchi wa Ireland wenyewe walilalamika kwamba mambo makubwa yanaamuliwa na watu wasiochaguliwa, halafu bunge linaletewa kitu kilichokwisha iva. Mwaka 1993 wakaunda baraza la uchumi na jamii lililokuwa na wabunge wa serikali na wa upinzani, pamoja na vikundi vya wasio na kazi. MamaOmena, ungepata kiti pale. Baraza lenyewe lilikuwa la kutoa ushauri tu, halikuwa la kupatana mishahara.

Na kama mnataka mfano wa upinzani kuketi kabisa, tazameni Uhispania, 1977. Franco amekufa miaka miwili tu, mfumuko wa bei umepanda. Mapatano ya Moncloa, tarehe 25 Oktoba, yalitiwa saini na vyama vya siasa, wakiwamo Wasoshalisti wa Felipe González na Wakomunisti wa Santiago Carrillo, waliokuwa wamepigwa marufuku hadi mapema mwaka huo. Humo ndani kulikuwa na kikomo cha nyongeza ya mishahara! Chama cha wafanyakazi kinakubali mshahara uzuiwe kwa sababu chama cha siasa wanachokiamini kimesema tukaze mshipi. Hapa kwetu ni chama gani kinaweza kumwambia mfanyakazi hivyo akasikilizwa?

#16 FundiBomba
Kwetu mshipi umekazwa hadi matundu yamekwisha, mwalimu. Tunatoboa mengine kwa msumari.

#17 MfupaWaSamaki
Nyote mnazunguka mbuyu. Swali la kwanza ni hili: upinzani ni nani? Agosti 2024 John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa ODM, chama cha upinzani, aliingia Hazina ya Kitaifa. Mbadi ndiye anayesoma bajeti. Wandayi kawi, Oparanya ushirika, Joho madini. Machi 7, 2025, UDA, chama cha Rais, na ODM wakatia saini ile hati yao ya mambo kumi. Kwa hiyo upinzani uliingia mezani, ila uliketi upande wa serikali. Na wanaoitwa upinzani sasa, mmoja, Gachagua, alikuwa naibu wa rais hadi Oktoba 2024. Ukimpa kiti, kadi ya jina itaandikwa kwa penseli.

#18 MpwaWaRusinga
Omera, taratibu. Baba, Raila wetu wa ODM, alitutoka Oktoba 2025, bado watu wana majonzi. Na ODM walisema wametoa watu wenye ujuzi, hawakuingia serikalini kama chama.

#19 MfupaWaSamaki
Majonzi ninayo, nilikuwa Bondo siku ya maziko. Ila "tumetoa wenye ujuzi" ni kama kusema kuku hayumo sufuriani, ni mapaja tu.

#20 MamaOmena
Mmenitia njaa sasa.

#21 BingwaWaIngwe (Mumias)
Nilidhani uzi ni wa kandanda nilipoona "pande tatu". Hata hivyo mkitaka kujua hali ya upinzani tazameni Gor Mahia wakifungwa, wanalaumu refa.

#22 MpwaWaRusinga
Mtu wa Ingwe (AFC Leopards) asituambie habari ya kufungwa tafadhali, ana digrii.

#23 MiwaChungu
Turudi. Mfupa, hoja yako ni nzito. Lakini mnaonaje ushuru wa nyumba? Pale kila mmoja alikuwa na la kusema: wafanyakazi wanakatwa asilimia 1.5, waajiri wanaongeza 1.5, upinzani ukapinga bungeni. Ungeweza kuwa mfano wa wote kuketi. Badala yake ulikwenda Mahakama ya Juu, wakasema Sheria ya Fedha ya 2023 ni batili.

#24 WakiliWaKibarazani
Hapana ndugu. Kuu na Juu zinachanganya watu kila siku. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema ushuru wa nyumba haufuati katiba, miongoni mwa sababu ikiwa kwamba unawabagua wenye mishahara. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha Sheria ya Fedha yote. Oktoba 2024 ndipo Mahakama ya Juu ikageuza, ikasema sheria ni halali. Na kabla ya hapo, Machi 2024, Bunge lilikuwa limetunga sheria mpya ya Nyumba za Bei Nafuu, makato yakarudi na wa jua kali nao wakaingizwa.

Tazameni pia nani aliongoza kesi. Omtatah, seneta wa Busia. Hakuhitaji kiti mezani, alihitaji karatasi na muhuri wa mahakama. Na COTU ile ile iliyopinga makato haya mahakamani 2018 iliyaunga mkono 2023. Sasa mwambieni MiwaChungu ni nani aliyekuwa upinzani katika hadithi hii.

#25 MwalimuLurambi
Hapo wakili amenipa hoja dhidi yake mwenyewe. Kama chama cha wafanyakazi kinaweza kubadili upande kati ya 2018 na 2023, na 2022 kiongozi wake Atwoli alifanya kampeni waziwazi, basi siasa imo mezani tayari. Tofauti ni kwamba imevaa kofia ya COTU. Afadhali ivue kofia tuione nywele.

#26 KaraniMstaafu
Mwalimu, hiyo kofia ilishonwa zamani na si kwa bahati. Mwaka 1965 serikali ilizivunja jumuiya mbili za vyama vya wafanyakazi, moja ikiwa karibu na mrengo wa Jaramogi Oginga Odinga, ikaunda COTU. Katiba ya kwanza ya COTU ilimpa Rais kuchagua Katibu Mkuu kati ya majina matatu. Mwaka uliofuata Jaramogi akaunda KPU, chama cha upinzani. Viongozi kadhaa wa wafanyakazi wakamfuata. Mnakumbuka iliishaje. Oktoba 25, 1969, pale hospitali mpya ambayo watu wa Kisumu bado wanaiita Russia, damu ikamwagika, na siku tano baadaye KPU ikapigwa marufuku. Mwishoni mwa miaka ya 1980 COTU ikajiunga kabisa na KANU.

Mtu wa rika langu akiona mfanyakazi na upinzani wameketi meza moja hawazi mshahara. Anaangalia mlango uko wapi. Sheria ya wakili na mikataba ya Shirika la Kazi Duniani ni sawa, ila kwangu mimi sababu ni hofu, nayo haikuandikwa popote.

#27 WakiliWaKibarazani
Mzee nakuheshimu, lakini hofu haielezi Ireland, wala Afrika Kusini. NEDLAC, baraza lao la mazungumzo ya kazi na uchumi, ina serikali, biashara, wafanyakazi na upande wa nne wa jamii, tangu 1995. Vyama vya siasa havina upande wao. Na huko hawakuwa na 1969 ya Kisumu.

#28 KaraniMstaafu
Huko COSATU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ni mshirika wa chama tawala, mwanangu. Kofia ni ile ile.

#29 MamaOmena
Upande wa nne wa jamii! Huo nautaka. Wakili, hilo umelificha tangu asubuhi?

#30 WakiliWaKibarazani
Sikulificha mama, ulikuwa hujaniuliza.

#31 JirekebisheNzoia (Bungoma)
Nimesoma yote. Mimi ni wa kiwanda cha sukari, nilikaa bila mshahara muda mrefu hadi nikauza baiskeli, halafu mlango. Mlango wa nyumba, ndiyo. Nikaweka mabati. Viwanda vinne vya serikali vilipokodishwa 2025 kwa miaka 30, Nzoia, Chemelil, Sony na Muhoroni, kila mwanasiasa wa pande hizi alikuwa na msimamo. Asubuhi anapinga akiwa mazishini, jioni yuko na mwekezaji. Mimi nilitaka mtu mmoja tu aulize malimbikizo yetu yatalipwa na nani na lini, na jibu liandikwe. Awe wa serikali, wa upinzani, wa chama au kasisi, sijali ameketi kiti gani.

#32 MiwaChungu
Ndugu yangu mimi nakuelewa, tuko shamba moja. Lakini ndiyo maana nasema. Huyo wa asubuhi na jioni angekuwa ametia saini mahali, ungemshika na karatasi.

#33 MfupaWaSamaki
Karatasi ya mambo kumi ipo. Umemshika nani?

#34 FundiBomba
Kimya kimetanda. Nasikia hadi mbu wa Dunga.

#35 MauaNaivasha
Watu wangu, mnisaidie kidogo kabla hamjalala. Alhamisi tunarudi mezani kwa mkataba mpya na nimesikia yule mheshimiwa amepata habari tena. Akija, siwezi kumfukuza, askari wa langoni wanamwogopa. Nimuulize swali gani moja akiwa na kamera zake?

#36 FundiBomba
Muulize kama amekuja na chakula cha mchana.

#37 MamaOmena
Mpe avae ile glavu ya tairi.

#38 WakiliWaKibarazani
Muulize alipiga kura gani siku ya mswada wa Nyumba za Bei Nafuu. Ilipigwa kwa majina, imo kwenye Hansadi, kumbukumbu za Bunge. Ukiweza isome kwanza usiku huu, uwe na jibu kabla yake.

#39 MauaNaivasha
Ya wakili nimeichukua. Nimeiandika kiganjani kwa kalamu ile ya kuandikia ndoo za waridi, haitoki hadi Jumamosi. Ya mama nimeiweka kwenye mkoba.